UZI: Kabla hujauza mdundo wako, jua nani aliimba ile sampo

Mdundo_Umoja (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Uzi huu wa leseni na ubora wa sampo niliuahidi kitambo, kwa sababu haipiti wiki kijana hajaja studio na flashi mkononi akiniuliza, "Bro, hii paki ni salama?" Paki ni kifurushi cha sampo, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa ambavyo prodyuza hupanga kuunda mdundo. Nianze na yaliyonipata mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, wakala mmoja wa matangazo hapa Nairobi alisikia mdundo wangu akautaka kwa tangazo la sekunde 30. Pesa waliyotaja ingenilipia kodi ya nyumba Umoja mwaka mzima na chenji ikabaki. Tukaelewana. Kisha mwanasheria wao akatuma barua pepe ya mistari miwili: nitumie orodha ya sampo zote zilizomo, na leseni ya kila moja.

Kiki na snea, yaani ngoma nzito na ngoma kavu, zilikuja na programu yangu ya kutengenezea muziki, hazikuwa na neno. Kayamba nilirekodi kwa mkono wangu. Lakini kwenye kibwagizo kulikuwa na mwanamke anavuta "eeeh" ndefu, na ndiyo iliyowafanya wautake mdundo. Ile sauti ilitoka kwenye flashi ya GB 64 niliyojaziwa mjini kwa shilingi mia tano. Faili liliitwa VOX_07_Am_112. Basi. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna jina la paki, hakuna karatasi. Nikaomba siku mbili. Nilikesha nikitafuta mtandaoni, nikaikuta sauti ile ile ndani ya paki tatu tofauti, kila mwenye paki akidai ni yake. Siku ya tatu nikawaambia ukweli. Wakanishukuru kwa heshima, wakachukua mdundo wa mtu mwingine.

Wakati ule sikujua kwamba kipande cha sauti, hata kiwe kifupi namna gani, kina wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna aliyetunga ule mlio. Kuna mwenye rekodi. Na Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua pia aliyeimba au aliyepiga ala, naye ana haki zake kama msanii mtendaji. Paki halali ni ile ambayo mtengenezaji wake amekaa na hao wote wakakubaliana kabla wewe hujabonyeza kitufe cha kununua. Unapolipia paki, unalipia hayo makubaliano. Flashi ya mjini ina sauti tupu. Makubaliano yalibaki huko zilikotolewa.

Sasa hili neno "bila mrabaha" linalowachanganya wengi. Maana yake ni kwamba umeshalipa mara moja, hudaiwi tena kila wimbo wako unapopigwa redioni au kusikilizwa mtandaoni. Haimaanishi bure, na haimaanishi sampo imekuwa mali yako. Wazazi wangu ni wakulima, kwa hiyo naielewa hivi: unanunua pakiti ya mbegu ya mahindi, unapanda, unavuna, unauza mahindi yako bila kumgawia mwenye mbegu hata gunia moja. Lakini huwezi kuzimwaga zile mbegu kwenye pakiti nyingine ukaziuza kwa jina lako. Leseni za paki nyingi ziko hivyo. Tumia ndani ya wimbo, katakata, badilisha, uza wimbo. Usiuze lupu (kipande cha kuzungushwa) ikiwa peke yake, usiitie kwenye paki yako, usimgawie rafiki folda nzima, maana aliyeruhusiwa ni wewe uliyelipa.

Na someni vifungu vidogo. Kuna paki zinazoruhusu wimbo wa kawaida lakini zinataka leseni nyingine ukipeleka kazi kwenye maktaba ya muziki wa matangazo. Splice, tovuti ya sampo za kulipia kwa usajili, inakuruhusu kuendelea kutumia ulichopakua hata ukiacha kulipia usajili. Tracklib ni jambo lingine kabisa: pale unachukua kipande cha wimbo halisi wa watu, na kila wimbo unaotoa unahitaji leseni yake, pamoja na mgao wa mapato kwa wenyewe. Mtu akiziita zote "sampo za mtandaoni" anachanganya maji na mafuta ya taa.

Karibuni.

BesiYaRongai

Naweka kambi hapa. Lakini mkuu, tuseme ukweli. Nikikata sekunde mbili tu za wimbo wa mtu, nikapandisha sauti iwe nyembamba, nani atajua? Siku hizi hii Arbantone yetu, muziki wa vijana wa Nairobi, si ni sampo za nyimbo za zamani mwanzo mwisho?

Mdundo_Umoja

@BesiYaRongai swali zuri, na hizo sekunde mbili zina historia. Wajerumani wa Kraftwerk walitoa wimbo mwaka 1977, "Metall auf Metall". Mwaka 1997 prodyuza Moses Pelham akachukua kama sekunde mbili za mdundo wake, akazizungusha chini ya wimbo wa rap. Walishtakiana miaka na miaka, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2019 ikaamua kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa ya mwenye rekodi, isipokuwa kimebadilishwa kiasi kwamba sikio halikitambui tena. Kwa hiyo ukipandisha sauti na bado msikilizaji anasema "huu ni wimbo fulani", umenaswa.

Hapa nyumbani hatuhukumiwi na mahakama ya Ulaya, lakini wimbo wako ukishapanda mtandaoni unasikika kule kwao pia.

Kuhusu Arbantone, mimi naipenda, na kuchukua wimbo wa zamani ni sanaa yenye heshima yake. Shida ni kwamba wengi tunaanza na kutoa wimbo kisha tunaomba msamaha. Wasanii wengi wa genge, ile rap ya Nairobi ya miaka ya 2000, wako hai, wako hapa hapa mjini, simu zao zinapatikana. Mpigie mtu kabla wimbo haujavuma, wakati mazungumzo bado ni ya elfu kadhaa. Ukishavuma atakupigia yeye, na hesabu itakuwa nyingine.

Halafu mkumbuke upande wa aliyechukuliwa. Kuna mdundo wa sekunde sita hivi kwenye wimbo wa The Winstons wa mwaka 1969, "Amen, Brother". Mitindo ya dansi ya jungle na drum and bass imejengwa juu yake, na nyimbo zilizoutumia ni maelfu. Mpiga ngoma, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 akiwa hana makao. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, hakuona mrabaha hata senti, mpaka mwaka 2015 mashabiki walipochanga kwa hiari yao zaidi ya pauni 20,000 wakampa. Kila nikiuweka ule mdundo kwenye programu, namfikiria Coleman.

Kijana_wa_Githurai

Shukran kwa uzi. Mimi nimenunua paki halali kabisa, risiti ninayo. Nikaweka wimbo YouTube, wiki ya pili nikapata dai kwamba kuna mtu mwenye wimbo wangu. Mtu mwenyewe simjui. Ameibaje wimbo ambao sikumpa?

Mdundo_Umoja

@Kijana_wa_Githurai pole sana, na usiogope. Huyo mtu hakuiba. Alinunua lupu ile ile uliyonunua wewe, akaiacha wazi kwenye utangulizi wa wimbo wake bila kuigusa, kisha kampuni inayomsambazia muziki ikausajili wimbo mzima kwenye Content ID, mashine ya YouTube inayotambua nyimbo. Mashine inasikia lupu, inaona inafanana, inakudai. Sheria za YouTube zenyewe zinasema huwezi kusajili kitu usichokimiliki peke yako, na sampo za paki wanazitaja. Kwa hiyo kosa ni la aliyesajili.

Weka pingamizi. Eleza kwa sentensi chache: sauti iliyogunduliwa ni lupu kutoka paki fulani, nina leseni isiyo ya kipekee (wengine pia wanaweza kuwa nayo), risiti hii hapa. Aliyedai ana siku 30 za kujibu, na akinyamaza dai linaondoka lenyewe.

Kisha jiangalie na wewe. Ukipeleka wimbo wako kwa msambazaji, utakuta swali kama kazi ina lupu zisizo za kipekee. Jibu kwa ukweli, la sivyo kesho wewe ndiye utakayekuwa unamdai kijana mwingine bila kujua.

Na dawa kubwa ni kutoiacha lupu uchi. Ikate, geuza mpangilio wake, piga kinanda juu yake. Lupu ikiwa yenyewe tu, haijapata mwenye wimbo bado.

BesiYaRongai

Sawa, nimeelewa. Lakini pesa je? Paki ni dola, na dola unajua ilivyo. Kijana wa Kayole atoe wapi?

Mdundo_Umoja

Ni kweli, na silichukulii jambo hilo kirahisi. Anza na sauti zilizokuja na programu yako. Kuna watu wanazidharau kana kwamba ni za watoto. Ngoma za "Umbrella" ya Rihanna, 2007, ni lupu iliyomo ndani ya GarageBand, inaitwa Vintage Funk Kit 03, na yeyote mwenye kompyuta ya Apple anayo. Dunia nzima iliucheza.

Kisha nenda Freesound. Ilianzishwa 2005 na chuo kikuu kimoja cha Barcelona, na kupakua ni bure. Ila kila faili lina leseni yake, na lazima uiangalie faili kwa faili. CC0 inamaanisha mwenyewe ameachilia, tumia utakavyo. Nyingine inakutaka umtaje aliyerekodi, basi mtaje. Na kuna ile inayokataza biashara. Hiyo, kama unauza mdundo, iache hapo hapo. Hifadhi ya sauti za BBC nayo ni hivyo: nzuri mno, maelfu ya sauti, lakini kupakua bure ni kwa matumizi yasiyo ya kibiashara.

Ukipakua chochote, hifadhi na maneno ya leseni kama yalivyokuwa siku hiyo, kwenye folda ya wimbo wenyewe. Tovuti hubadilisha masharti, nyingine hufungwa. Mimi kila mradi una folda ndogo nimeiita KARATASI. Ndani mna risiti, picha ya ukurasa wa leseni, na faili la maandishi linalosema sampo ipi iko wapi kwenye wimbo. Inanichukua dakika kumi.

Snea_na_Kayamba

Mkuu uliahidi ubora. Mimi paki zangu zote ni WAV, lakini mdundo ukipigwa kwenye matatu unakuwa kama umefunikwa blanketi.

Mdundo_Umoja

Hapa ndipo ninapopenda, mnivumilie.

Kuona jina WAV hakutoshi. WAV ni chupa tu, muhimu ni kilichomiminwa ndani. Chukua sampo uliyo na shaka nayo, ifungue kwenye programu yoyote inayoonyesha spektramu, yaani picha ya sauti kuanzia nzito chini hadi nyembamba juu, utazame juu. Rekodi safi ya haihati (sahani za ngoma) huwa na ukungu unaopanda hadi 20 kHz na kidogo zaidi. Ukikuta pamekatwa kama kwa panga kwenye 16 kHz, pote sawasawa, basi kuna uwezekano mkubwa hiyo ilikuwa MP3 ya kbps 128, faili lililobanwa, iliyogeuzwa kuwa WAV ili iuzike. Kilichotupwa hakirudi. Paki nyingi za flashi ziko hivyo, zimepita mikono mingi.

MP3 ina ubaya mwingine ambao haukosi kuonekana kwenye lupu: huongeza ukimya kidogo sana mwanzoni mwa faili. Huusikii, lakini lupu ikizunguka mara nane unahisi ngoma inachechemea. Fanya hesabu. Lupu ya ba 4 (kila ba mapigo manne) kwa BPM 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, ni mapigo 16, kila pigo nusu sekunde, yaani sekunde 8 kamili. Kwa 44.1 kHz, yaani vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, hivyo ni vipimo 352,800, si kimoja zaidi. Mtengenezaji anayejali huikata hapo hapo. Nilifungua paki moja juzi, lupu kumi za kwanza zote zilikuwa na mkia wa ziada, tena kila moja mkia wake.

Kisha vuta picha ya wimbi karibu kabisa, mwanzo na mwisho. Wimbi lianzie kwenye mstari wa sifuri na liishie kwenye sifuri. Likianzia juu, spika inarushwa ghafla na unasikia "tk". Kwenye spika za kompyuta unaweza usiisikie. Kwenye matatu yenye besi chini ya kila kiti, abiria ataihisi mgongoni.

Na sasa blanketi lako. Bonyeza mdundo wako uwe mono, yaani kushoto na kulia viwe sauti moja, kisha sikiliza kiki. Ikipungua nguvu au ikitoweka, mwenye paki aliitanua kwa ujanja ili ivutie kwenye vipokea sauti, upande wa kushoto na wa kulia vinapingana, vikikutana vinauana. Spika za besi za magari, mifumo mingi ya kumbi, hata simu za bei ya chini, huchanganya pande zote kuwa moja. Nilikaa kiti cha nyuma cha matatu ya rafiki yangu, stendi, injini imezimwa, tukacheza kiki kumi na mbili kutoka paki moja ya bei ghali. Saba zilipotea. Besi na kiki vikae katikati. Pana iwe haihati, iwe kinanda.

Biti 24 au 16? Sampo iliyokwisha kukamilika, 16 inatosha, ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Unaporekodi mwenyewe, chukua 24, usilazimike kusukuma kipaza sauti mpaka kipasuke.

Sauti_ya_Mama

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni mwimbaji, na nimewahi kuimbia paki. Studio moja ilinilipa kwa siku moja, nikaimba vipande kama mia na ishirini: "eeh", "ayaya", mistari ya Kiswahili, ya Kikamba. Nilisaini karatasi ya ukurasa mmoja bila kuisoma vizuri. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwenye ukumbi wa Westlands na marafiki, nikajisikia naimba juu ya wimbo wa mtu kutoka Ulaya. Nilifurahi, kisha nikaenda nje nikalia. Hakuna jina langu popote. Kisheria sina cha kudai, nilisaini. Naomba mnapozungumza leseni mkumbuke kwamba upande wa pili wa lile faili kuna mtu kama mimi.

Mdundo_Umoja

Dada, asante kwa kuandika hili. Nimelisoma mara tatu. Sijui kama ile "eeeh" ya VOX_07 ni ya mtu aliyelipwa au aliyeibiwa, na bado inanisumbua.

Kwa waimbaji wengine wanaosoma: sheria inasema kuhamisha hakimiliki, au kutoa leseni ya kipekee, hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyosainiwa na anayetoa. Kwa hiyo sahihi yako ndiyo mlango. Kabla hujaiweka, uliza: nalipwa mara moja au napata mgao wa mauzo ya paki? Jina langu litaandikwa? Sauti yangu inaweza kufundishia mashine za akili mnemba? Hilo la mwisho, kama halimo kwenye karatasi, liandikwe kwa kalamu pembeni na wote wasaini.

Mwana_wa_Kisumu

Na paki za ala zetu? Naona mtandaoni "Sauti za Afrika", nyatiti, isukuti, ngoma zote zimepangwa. Sisi wenyewe tunazinunua kutoka nje.

Mdundo_Umoja

@Mwana_wa_Kisumu umenigusa. Baadhi ya hizo paki ni za watu wema waliolipa wachezaji. Nyingine, hata kijiji hakijatajwa. Sikiliza pia jinsi zilivyotengenezwa. Nyatiti ina nyuzi nane, na mchezaji huzikaza zifuate sauti yake mwenyewe. Mtu anazichukua, anazinyoosha kwa mashine zilingane na kinanda, A iwe 440 Hz, anaandika "nyatiti ya C". Ule utamu wa kusuguana ulikuwa katikati ya noti. Ameuondoa, akauza kilichobaki.

Na kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alirekodi Wakipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha", wimbo unaomtaja Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri. Rekodi zikakaa Afrika Kusini kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika. Ilichukua zaidi ya miaka sitini kabla mradi wa Singing Wells, pamoja na Ketebul Music ya hapa Nairobi, kuwarudishia wazee waliokuwa bado hai nakala za sauti zao. Kwa sheria ya Kenya rekodi hulindwa miaka 50, kwa hiyo kuna ambao wangesema za 1950 ni za kila mtu sasa. Lakini tangu 2016 tuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Utamaduni, na inaipa jamii sauti juu ya mambo yake. Mimi siwezi kuchukua kitu kama hicho nikakizungusha chini ya kiki bila kuuliza mtu.

Ndiyo maana mwaka huu nimeanza kurekodi mwenyewe. Mzee mmoja mpiga orutu, anaishi Kayole kwa mwanawe. Chumba kimoja, magodoro matatu ukutani, tukangoja mvua iishe kwenye mabati. Orutu ina uzi mmoja na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya kenge, na kabla ya kuanza alisugua upinde kwenye utomvu muda mrefu, kimya, kama mtu anayenoa kisu. Kipaza sauti nilikiweka futi mbili mbele, kimeinama kidogo kwenye ngozi, WAV ya biti 24, kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Tulirekodi milio arobaini. Sikunyoosha hata mmoja. Kwenye jina la kila faili nimeandika uzi ulikazwa kwenye noti gani siku hiyo, atakayetaka akaze kinanda chake kimfuate mzee.

Kisha tukakaa na karatasi. Malipo ya siku hiyo, mgao wake wa kila paki itakayouzwa kwa M-Pesa, jina lake kwenye jalada. Nilimsomea kwa Kiswahili, mwanawe akamfafanulia kwa Kijaluo. Mzee akatikisa kichwa, akaniuliza:

"Kijana wangu, na mimi nikiupiga huu mlio kwenye matanga kule nyumbani, nitakuwa nimechukua kitu chenu?"

Nilikuwa sijaandika chochote kuhusu hilo. Nikachukua kalamu nikaongeza kifungu: mchezaji anabaki na haki ya kupiga, kufundisha na kurekodi tena milio hii, popote, wakati wowote, bila kumuuliza mtu. Akaniambia nimsomee tena. Nikasoma. Akasaini.